Kazi Iko Chini ya Ua

Mtu akisimama mbele ya mlango wa nakshi, macho yake hukimbilia ua. Macho ya seremala hushuka chini ya ua, kwenye uwanda uliochimbwa ili ua lisimame, na huko ndiko anakompima fundi mwenzake. Kina ni kimoja kutoka ukingo huu hadi ule? Pembe ambapo jani linakutana na shina imekatwa ikaisha, au imebaki na nyuzi za mti zilizochanika? Patasi ilipita mara moja, au ilirudirudi ikaacha makovu? Ua lenyewe anaweza kulichora yeyote mwenye penseli na bikari. Kulisafishia mahali pa kusimama ni kazi ya siku nyingi, na ukishazoea kuitafuta kazi hiyo, huutazami tena mlango kwa haraka.

Aliyetuzoesha kutazama hivyo ni mjomba wangu, seremala wa Njoro hapa Moshi. Karakana yake haina maajabu: randa, misumeno, meza ya kazi iliyoliwa na patasi, mbao za mninga zilizoegemezwa ukutani, na mringaringa anaoletewa kutoka vihamba vya juu pale mwenye shamba anapoamua kuangusha mti. Hutengeneza vitanda, makabati na milango. Miaka ya karibuni wateja huja na picha kwenye simu: "Fundi, nataka mlango kama huu wa Zanzibar." Mjomba huipokea simu, huikuza picha kwa vidole viwili, kisha huirudisha. Anachokitafuta hakimo. Kina hakishikwi na picha, hasa ikiwa imepigwa jua la saa sita.

Mama naye ana ndoto yake ya siku nyingi: kwenda India kuona miji ya kale na mahekalu, Ahmedabad, Jaipur, Mlima Abu. Amekua akiwaona Wahindi na Kalasinga mjini Moshi na nyumba zao za ibada, na Njoro yenyewe ina mitaa inayojulikana kama Njoro ya Dobi na Njoro ya Goa. Lakini nauli ya ndege kwa familia nzima ni habari nyingine. Mjomba akamwambia, "Dada, India ilishakuja huku zamani. Twende tukaione ilipofikia." Basi likizo ya watoto ikawa safari ya kuzunguka: Mombasa, Makindu, Nairobi, na kurudi kwa Namanga. Bibi alikaa kiti cha mbele. Sharti la mjomba lilikuwa moja tu, kwamba penye kazi ya mkono tutasimama, na hakuna atakayeuliza tunaondoka lini.

Njia ya Himo, Holili, Taveta na Voi ina habari za mafundi hata kabla hujaona jengo. Reli ya Wajerumani kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911. Vita vya kwanza vya dunia vilipozuka, Waingereza waliisukuma njia yao kutoka Voi kuja Taveta, na mwaka 1916 reli hizo mbili zikaunganishwa upande wetu wa mlima. Voi yenyewe ilikuwa kituo cha reli ya Uganda, iliyoanza Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901. Kwa kazi hiyo waliletwa kutoka India wafanyakazi wa mkataba zaidi ya 30,000. Karibu 2,500 walikufa, wengi wa waliosalia wakarudi kwao, na kiasi cha 6,700 wakabaki. Miongoni mwao walikuwamo waashi, wahunzi na maseremala, wengi wakiwa Kalasinga wa Punjab. Wafanyabiashara wa Gujarat na Kachi walikuwa wamekwisha kuwapo pwani kabla yao, wakija kwa majahazi na upepo wa kaskazi. Hivyo ufundi wa India ulitufikia kwa milango miwili, wa bandari na wa stesheni.

Mombasa tulitembea kwa miguu mtaa wa Ndia Kuu, kutoka upande wa Fort Jesus kuelekea bandari ya zamani. Watoto walidhani ni matembezi. Mjomba alisimama kwenye mlango mmoja muda mrefu kiasi kwamba bibi aliletewa kiti na mwenye duka la jirani.

Mlango wenyewe haukuwa mkubwa kupita mingine. Ulikuwa wa pande mbili zinazofunguka kwa ndani, na katikati yake mfaa, ule ubao wima unaofunika mwanya pande mbili zinapokutana. Juu kilikaa kizingiti, kushoto na kulia miimo. Pande za mlango zilikuwa mbao tupu zenye njumu. Nakshi yote iliwekwa kwenye fremu na mfaa. Milango ya Kigujarati hufuata njia nyingine: pande zake hugawanywa kwa viunzi kuwa miraba midogo midogo, na mara nyingi kila upande hukunjika katikati, ili mwenye duka afungue robo, nusu au mlango mzima. Ndia Kuu ina ya namna zote mbili, pamoja na ile ambayo fundi alichanganya akachukua fremu ya huku na miraba ya kule.

Ukingo wa nje wa mwimo ulizungukwa na mnyororo uliochongwa. Waongozaji wa wageni husema mnyororo ni ulinzi, samaki ni uzazi, mtende ni neema. Mjomba aliyasikiliza hayo kwa adabu, kisha akaingiza ukucha ndani ya pete moja ya mnyororo. Katikati ya pete palikuwa pamechimbwa mpaka kina kilekile cha nje yake. "Hapa ndipo mvivu anapoishia nusu," alisema. "Nani atatazama ndani ya pete?" Watoto wakaanza kukagua pete moja baada ya nyingine kwa kucha zao, wakipanda kutoka magotini hadi mikono ilipogota. Zote zilikuwa sawa. Mtu alikuwa ameketi na ubao huo, pete kwa pete, na pale ambapo hakuna ambaye angemkagua alifanya kama anakaguliwa.

Sehemu ya chini, karibu na ngazi, ilikuwa na habari nyingine. Huko pete zilijaa rangi ya mafuta iliyopakwa mkono juu ya mkono, na nakshi ilikuwa imelala kabisa. Mwenye nyumba alipaka rangi kwa nia njema, kuulinda mlango na mvua inayorukia kutoka barazani. Lakini kila mkono wa rangi hurudisha kidogo kile ambacho patasi ilikiondoa, na mwishowe ua hubaki bila pa kusimama. Kwa mjomba hilo lilitosha kuwa somo: nakshi yaweza kufa bila hata jani moja kuvunjika.

Si kwamba watu wa pwani walisubiri Wahindi ndipo wajue kuchonga. Mreno Duarte Barbosa, aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 16, aliisifu milango ya mbao iliyochongwa aliyoikuta Kilwa. Siyu na Lamu zilikuwa na mafundi wa namna zao. Karne ya 19 ilileta fedha nyingi za karafuu na pembe, na pamoja na fedha ikaleta tamaa ya milango mikubwa. Bargash bin Said, aliyetawala Zanzibar kuanzia 1870 hadi 1888, alikuwa amekaa Bombay uhamishoni kabla ya kushika utawala, na mwaka 1883 akajenga jumba la Beit al-Ajaib lenye milango ambayo mpaka leo ndiyo watu huitaja kwanza. Miaka minne baadaye Tharia Topan, tajiri mzaliwa wa Kachi, aliweka jiwe la msingi la jengo ambalo sasa linajulikana kama Zahanati ya Zamani, lile la ufukweni lenye roshani za mbao zilizotobolewa kama kitambaa cha darizi. Mbao za msaji zilitoka ng'ambo, mvule na mbambakofi zilitoka huku. Mikono ilitoka pande zote. Ukitaka kugawa mlango wa aina hiyo useme hapa Mwarabu, hapa Mhindi, hapa Mswahili, itabidi uupasue.

Yote hayo tuliyaelewa vizuri zaidi tulipomwona mtu akifanya kazi. Karakana ilikuwa chumba kimoja kinachofunguka uchochoroni. "Karibuni, ngiani," fundi alisema bila kuinuka, maana mguu wake ulikuwa umeukandamiza ubao usiteleze. Alikuwa mtu wa makamo anayekaribia uzee, alimwamkia bibi shikamoo, kisha akamtazama mjomba mikono na kusema, "Wewe ni seremala." Hapo mazungumzo yakawa ya watu wawili, na sisi wengine tukawa watazamaji.

Ubao ulikuwa wa mvule, mfaa wa nyumba moja ya Nyali. Alikuwa amekwisha kuupiga randa na kuugawa kwa mistari ya penseli. Maua yake aliyachora kwa bikari. Unapiga duara, kisha bila kubadili upana wa bikari unatembea nayo juu ya ukingo wa duara, na hatua ya sita inarudi pale pale ulipoanza. Kutoka kila alama unapiga tao moja linalopita katikati, na petali sita zinajitokeza zenyewe. Binti wa mjomba, anayesoma sekondari, alichukua bikari akajaribu juu ya kipande cha ubao kilichotupwa, likatoka. Fundi akacheka. "Hilo umelipata bure," akamwambia. "Sasa ulilipie."

Malipo yalianza na patasi iliyosimamishwa wima juu ya mstari. Aliigonga kwa nyundo ya mti, taratibu, akifuata petali kwa patasi yenye makali ya mviringo unaolingana na tao lake. Alikuwa nazo nyingi, zimelazwa juu ya gunia kwa mpangilio wa upana, na mkono wake ulichukua ile anayoitaka bila macho kuifuata. Mipaka yote ilipokatwa akalaza patasi bapa na kuisukuma kuelekea kwenye mpaka, na kipande cha mti kikaruka kikiwa kizima. Hiyo ndiyo kazi ya mpaka: kuzuia mpasuko usiingie ndani ya ua. Kisha akaendelea kuchimba uwanda, tabaka kwa tabaka, na kila alipofika mahali ambapo nyuzi za mti zinageuka, naye aligeuka. Mvule una nyuzi zinazopishana. Ukisukuma patasi upande mmoja inateleza, ukisogea kidogo inang'oa. Fundi hakuonekana kufikiri juu ya hilo. Alizungusha ubao kwa mguu, akaingia kutoka upande wa pili, na uwanda ukabaki laini.

Kina alikipima kwa kijiti chenye mfuo mmoja. Alikisimamisha hapa na pale, kisha akakiweka chini akatumia kitu cha uhakika zaidi: akauinua ubao na kuulaza sambamba na mwanga wa mlangoni. Mwanga ukija kutoka ubavuni, kila kilima na kila shimo hutoa kivuli. Ubao tuliodhani umekwisha ukajaa vivuli. Aliziona kasoro zile tukiwa bado tunashangaa, akarudi chini, akaparuza hapa nukta na pale nukta mpaka uwanda ukanyamaza.

Mjomba alimwuliza swali alilokuja nalo tangu Njoro. Kwa nini ua bado halijaguswa? Petali zilikuwa bado bapa, zimekaa juu ya uwanda bila mfereji wala mshipa, na asubuhi nzima ilikwisha. "Ua ni la mwisho," fundi akajibu. "Ukilianza ua, mwenyewe utalipenda, na mwenye mlango atalipenda, na chini hutakumaliza tena."

Bibi, aliyekuwa kimya kwenye kiti chake, akasema huo ni upaliliaji wa kihamba: mgomba unaonekana wenyewe, kazi ni kuyatoa majani yote yanayouzunguka bila jembe kugusa mizizi. Fundi wa Mombasa hajawahi kupalilia mgomba, lakini alikubali kwa kichwa.

Kutoka hapo mama akadai hekalu lake, na hakuwa na ugumu kulipata. Hekalu la Wajaini la Mombasa, katika barabara ya Langoni, lilijengwa mwaka 1963 kwa marumaru nyeupe. Kuingia unavua viatu, na chochote cha ngozi kinabaki nje. Mjomba aliingia akishikilia suruali kwa mkono mmoja maana mkanda wake ulibaki kwa mlinzi. Wajaini hawataki kiumbe kiumizwe, na ngozi ni mabaki ya kiumbe. Ndani nguzo zimechongwa kutoka kwenye vitako hadi vichwa, na katikati ya dari marumaru imechimbwa kwenda juu, mzunguko ndani ya mzunguko.

Jiwe halina nyuzi, kwa hiyo halikulazimishi ugeuke kama mvule. Lina hatari nyingine. Mbao ikichanika unaweza kushuka chini zaidi kidogo ukaficha. Ncha ya jani la marumaru ikiruka, imeruka. Ndiyo maana wachongaji wa marumaru, wakikaribia mwisho, huacha kugonga na kuanza kusugua. Mafundi wa mahekalu ya Dilwara huko Mlima Abu, katika Rajasthan, walifikisha mbinu hiyo mbali kuliko wote. Hekalu la kwanza pale lilijengwa mwaka 1031 na Vimal Shah, waziri wa mfalme. Lingine maarufu lilijengwa mwaka 1230 na ndugu wawili, Vastupala na Tejapala. Petali zilizochongwa humo ni nyembamba kiasi kwamba mwanga hupenya ndani ya jiwe. Kuna simulizi kwamba mafundi wale walilipwa kwa uzito wa vumbi walilolisugua kutoka kwenye marumaru. Iwe ilikuwa hivyo au la, aliyeitunga simulizi hiyo alikuwa amekaa na wachongaji. Alijua kwamba thamani ya kazi imo katika kile kilichotoka, na kwamba mtu akilipwa kwa idadi ya maua atakupa maua mengi ya kina cha ukucha.

Mama alikaa chini ya dari ile muda mrefu. Nilimwuliza kama bado anataka kwenda India, akanijibu kwamba sasa anataka zaidi.

Makindu tulipita kwa sababu ya chakula na heshima. Gurudwara ya hapo ilijengwa mwaka 1926, wakati Makindu ilipokuwa kituo muhimu cha reli, na tangu zamani msafiri yeyote, wa dini yoyote, hukaribishwa kula bila malipo. Unafunika kichwa, unavua viatu, unapokea chapati na dengu pamoja na madereva wa malori na wazungu wenye mabegi. Nakshi hapa si nyingi. Lakini tulikuwa Ukambani, na Ukambani una habari yake ya kuchonga. Mutisya Munge, mtu wa Wamunyu, alichukuliwa katika vita vya kwanza vya dunia, akajifunza kuchonga akiwa Tanganyika, akarudi na ufundi huo nyumbani. Kutoka kwake uchongaji ulienea mpaka ukawa kazi ya maelfu ya Wakamba. Vita vilevile vilivyoiunganisha reli ya Voi na ya Moshi vilimpeleka mtu kwetu, naye akaondoka na patasi. Mjomba alilipenda hilo. Alikuwa ametumia siku kadhaa akijiona mgeni katika nchi ya mafundi wa wengine.

Nairobi ilikuwa na jengo ambalo mama alilitaka kuliko yote, hekalu la Wahindu wa Swaminarayan lililofunguliwa mwaka 1999 na kiongozi wao wa kiroho, Pramukh Swami Maharaj. Nje ni la mawe ya manjano ya Jaisalmer, mji wa jangwani katika Rajasthan ambao ngome yake, iliyoanzishwa mwaka 1156, ni ya mawe ya rangi hiyo hiyo. Mawe ya hekalu yalichongwa India, yakavuka bahari, yakaja kuunganishwa Nairobi. Namna hiyo ya kujenga si ya Nairobi peke yake. Kwa hekalu lao la Neasden, London, lililofunguliwa mwaka 1995, mawe ya chokaa kutoka Bulgaria na marumaru kutoka Italia yalipelekwa India kwanza, yakachongwa, ndipo yakasafirishwa London yakiwa vipande zaidi ya 26,000.

Fikiri kidogo juu ya kipande kimoja katika hivyo. Fundi anachonga nusu ya jani, nusu ya pili iko kwenye jiwe la mwenzake aliyeketi hatua kadhaa kutoka kwake, na mawe hayo mawili hayatakutana mpaka yafike bara lingine. Kina chake kikizidi kwa unene wa ukucha, jani litakuwa na ngazi katikati. Hivyo kila mmoja hufuata kipimo kilekile, na kinachompa sifa fundi ni kwamba huwezi kumtambua kati ya wenzake. Kwenye ukuta wa hekalu mjomba alitafuta maungio. Alitembea kuzunguka jengo polepole, kichwa kimeegemea ubavuni ili aone kwa mwanga wa pembeni kama alivyoona Mombasa. Maungio aliyaona, maana jiwe haliwezi kuficha mstari wake, lakini uwanda ulipita juu ya mistari hiyo bila kupanda wala kushuka.

Ndani ni mbao. Hapo mjomba alikuwa nyumbani, na hapo ndipo alipochoka pia. Mbao zimechongwa kwa wingi usioacha jicho lipumzike, na baada ya muda alitoka nje akakaa kwenye ngazi. Alisema jambo ambalo nimelifikiria mara nyingi tangu siku hiyo: kwamba mlango wa Ndia Kuu ulikuwa bora zaidi kwa macho yake, kwa sababu pande zake ziliachwa tupu. Mbao tupu nazo ni uwanda. Fundi yule aliweza kuchonga mlango mzima, akachagua fremu na mfaa tu, akaacha kwingine kote ili fremu ionekane. Mama hakukubaliana naye hata kidogo. Kwake hekalu ni nyumba ya Mungu, na kwa Mungu hakuna pa kuacha. Walibishana mpaka Namanga, bibi akisinzia kati yao, na nadhani kila mmoja alikuwa na haki katika jengo lake.

Huku Moshi, kama miji mingine, sasa kuna mashine za kompyuta za kuchonga milango. Unapeleka ubao, unachagua picha, mashine inashuka na kichwa chake kinachozunguka, na baada ya saa chache mlango una maua. Mjomba haichukii. Inachimba uwanda kwa kina kisichobadilika, na haichoki wala haipandishi bei mwezi wa Desemba. Lakini kichwa kinachozunguka huacha mviringo wake katika kila pembe ya ndani. Pale jani linapokutana na shina, ambapo patasi ingeingia ikaishia kwenye nukta, mashine hugeuka mapema na kuacha kidimbwi. Simu haikionyeshi. Mtu wa kawaida hakioni siku ya kwanza. Anaona tu kwamba mlango hauna ukali, na hajui kwa nini.

Kwa hiyo amechagua njia ya katikati. Kazi ya kuchimba sehemu kubwa huipeleka kwenye mashine ya mwenzake, ubao ukirudi Njoro hukaa nao kwa patasi, pembe kwa pembe, akizifikisha mwisho. Kwa mlango wa fremu ya mkono mtupu hutaja bei yake na hapunguzi. Ameweka mbao mbili ukutani, zenye ua lilelile la petali sita, moja kama ilivyotoka mashinini na nyingine baada ya patasi, zikiwa karibu na dirisha ili mwanga uzipate ubavuni. Hawaelezi wateja mengi. Huwaambia wapitishe kucha. Anawashauri pia, wakiagiza mlango kwake au kwingine, waukague kabla ya vanishi, asubuhi au jioni jua likiwa chini, na watazame kwanza karibu na sakafu, kwa sababu fundi aliyechoka huchokea huko.

Wiki iliyopita nilikuwapo karakana alipokuja mteja wa Majengo aliyewahi kununua mlango kwake zamani. Alitaka mwingine unaofanana. Aliposikia bei akaruka.

"Mangi, mbona umepandisha hivi? Maua si yaleyale?"

"Maua ni yaleyale," mjomba akasema. "Chini kumeongezeka."

Mteja akazigusa mbao mbili za dirishani, akaenda kwenye ile ya mashine, akarudi kwenye ile ya patasi. Kisha akauliza kama inawezekana kulipa kwa awamu tatu, wakaanza kupatana.